Protini fupi si protini mbovu

Kila muhula hapa Chake Chake nasoma sentensi hii kwenye madaftari: "Jeni moja hutoa protini moja, ikitoka fupi, imeharibika." Sivyo, na inaniuma, maana jambo lenyewe ni zuri mno.

Mtazame bibi anayeshona mkeka, mashupatu yamelala mapajani. Akiliacha shupatu moja, mkeka hutoka mwembamba, lakini ni mkeka, nao una kazi yake. Seli nayo hunakili jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini, kuwa RNA, nakala inayosomwa protini inapotengenezwa; hukata vipande visivyotakiwa na kuunga vinavyobaki. Mara nyingine huruka kimoja, na protini hutoka fupi. Phillip Sharp na Richard Roberts, waliogundua mkato huu mwaka 1977, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Makosa ya kuunga yapo, na mengine huleta maradhi. Lakini tazama protini iitwayo P-selektini. Hukaa juu ya seli zilizotanda ndani ya mishipa ya damu, ikinasa seli nyeupe zinazokwenda kwenye jeraha. Kipande kimoja ndicho kinachoishikiza kwenye utando wa seli. Kikirukwa, protini hutoka nje, ikaelea kwenye damu, na sehemu yake ya kunasia ingali nzima.