Je, wajua kwa nini mgonjwa wa anoreksia hawezi "kula tu"?

Binti amekonda hadi mifupa ya mabega imetokeza, na wali uliowekwa mbele yake unapoa haujaguswa. "Si ule tu, mwanangu!" Maneno hayo yanatoka kwa upendo, lakini hayamfikii. Anoreksia nevosa ni ugonjwa wa akili: mtu hujinyima chakula kwa kuogopa mno kunenepa, hata akiwa amebaki ngozi na mifupa. Na njaa ikishakaa mwilini, yenyewe huivuruga akili.

Hilo lilionekana Marekani, katika utafiti ulioanza Novemba 1944. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipata vijana 36 wa kiume, wenye afya njema, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani yao. Walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi 6, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walioathiriwa na njaa ya vita. Hakuna aliyekuwa akitafuta wembamba. Hata hivyo, walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakavuta mlo mdogo kwa muda mrefu, wakalamba sahani. Walihisi baridi katikati ya joto, mapigo ya moyo yakapungua, wakawa na hasira za haraka na kujitenga. Tabia tunazoziita ukaidi kwa mgonjwa, nyingi ni kazi ya njaa.

Mbona basi wengi hujinyima kula wakaacha, na mmoja akazama? Urithi una nguvu kubwa hapa. Mwaka 2019 watafiti walipima vinasaba vya wagonjwa karibu 17,000, wakaona sehemu 8 zinazohusiana na ugonjwa huu, na dalili kwamba hata jinsi mwili unavyotumia chakula inahusika. Ongeza wasiwasi wa tangu utotoni, tabia ya kutaka kila kitu kiwe bila dosari, mabadiliko ya balehe, kudhihakiwa kwa sababu ya mwili, au michezo inayodai wembamba. Wavulana nao huugua.

Madhara yake ni mazito. Hedhi hukatika, mifupa hupoteza uimara, moyo hulegea. Mwimbaji Karen Carpenter alifariki Februari 1983, moyo ukimshinda, akiwa na miaka 32. Wengine hujitoa uhai. Mgonjwa akizimia au akilalamika moyo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, wala msimshindilie chakula nyumbani: mwili uliokaa na njaa ukilishwa kwa pupa, fosfeti, madini ambayo mwili huyahitaji ili ufanye kazi, hushuka ghafla katika damu, na hilo nalo huua.

Lakini wagonjwa hupona. Karibu nusu hupona kabisa, na wengi wengine hupata nafuu, ingawa huchukua miaka. Kwa vijana, tiba inayosaidia sana huwapa wazazi usimamizi wa kila mlo wakiongozwa na wataalamu: mama anakaa mezani na mwanawe, hagombi, habembelezi kwa zawadi, wala hainuki mpaka sahani imalizike.