Kromosomu Zinapokataa Kuachana: Maswali na Majibu

Kwa kawaida kromosomu hugawanywaje?

Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46 (kamba ndogo sana za DNA, kemikali inayobeba urithi kutoka kwa wazazi), yaani jozi 23. Yai na mbegu ya kiume hutakiwa kubeba 23 tu, ili vikiungana idadi irudi 46. Kufika hapo, seli hugawanyika mara mbili. Mara ya kwanza, kromosomu mbili za kila jozi huachana, zikivutwa na nyuzi za protini, hii huku na ile kule. Mara ya pili, kila kromosomu, ambayo wakati huo ni kamba pacha zilizoshikana sehemu moja, huachana na pacha wake.

Kosa linatokea wapi?

Jozi isipoachana, zote mbili huishia upande mmoja. Yai likibaki na 24 kisha likarutubishwa, mimba huanza na kromosomu 47. Iliyozidi ikiwa ni ya jozi namba 21, mtoto huwa na hali ya Down, inayochelewesha ukuaji na kujifunza.

Umri wa mama unahusikaje?

Mwanamke huzaliwa na mayai yake, na mgawanyiko wa kwanza huanza yeye mwenyewe akiwa bado tumboni. Kisha husimama. Yai linalopevuka akiwa na miaka 40 limekaa katikati ya kazi hiyo kwa miaka 40, kromosomu zake zikishikiliwa na protini iitwayo kohesini, mfano wa pete. Pete hizo hulegea kidogo kidogo. Siku kazi inapoendelea, baadhi ya jozi zimeshaachia mapema, na nyuzi huzivuta ovyo.

Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni takriban 1 kati ya 1,250 mama akiwa na miaka 25, 1 kati ya 350 akiwa na 35, na 1 kati ya 100 akifika 40. Baba naye asiwekwe kando kabisa: katika visa takriban 1 kati ya 10, kromosomu ya ziada hutoka kwake.

Mimba yangu ilitoka mapema. Nilikosea nini?

Takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi 3 ya kwanza zina hitilafu ya kromosomu. Kromosomu namba 16 ya ziada huonekana sana kwenye mimba hizo. Kuinua ndoo, kufanya tendo la ndoa au kugombana na mtu hakuwezi kuzivuta kromosomu ndani ya yai. Kwa kawaida kosa la namna hii huwa limeshatokea kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Anayekulaumu anakuonea.

Hali ya Down hugunduliwaje?

Kuanzia wiki ya 10, damu ya mama huweza kupimwa vipande vya DNA vinavyotoka kwenye kondo. Hicho ni kipimo cha kuchuja: kikionyesha hatari, usiamue lolote kabla ya kipimo cha uhakika, kwa mfano maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15.

Mtoto akishazaliwa hutolewa damu kidogo. Seli zake hukuzwa maabara kwa siku 3 hivi, kisha dawa husimamisha mgawanyiko katikati, kwa kuwa ni wakati huo tu kromosomu hujikunja zikaonekana moja moja kwa hadubini. Kwa kawaida seli 20 huhesabiwa.

Sura ya mtoto imeshaonyesha ana hali ya Down. Kipimo cha nini tena?

Kwa sababu ya mimba ijayo. Takriban 95% ya visa ni kromosomu 21 nzima iliyozidi, na kwa mama kijana uwezekano wa kujirudia ni kama 1 kati ya 100. Lakini 3 hadi 4% hutokana na namba 21 iliyojibandika kwenye kromosomu nyingine, na huenda mzazi mzima wa afya ndiye aliyeibeba. Hapo wazazi wote wawili wapimwe.

Majibu yakisubiriwa, moyo usisubiri. Karibu nusu ya watoto hawa huwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya kasoro hizo hazisikiki kwa kifaa cha daktari. Omba kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti katika siku za mwanzo, pamoja na kipimo cha homoni ya tezi ya shingo.