Magoti na Mlima Longonot: tunavyodanganyana kuhusu kushuka

Likizo ya Agosti ikiisha, wazazi waliopanda Longonot, ile volkano ya karibu na Naivasha, Kenya, huniingilia kliniki wakishikilia ukuta, na maneno ni yale yale: "Kupanda nilipanda vizuri tu, sijui magoti yamepatwa na nini." Yamepatwa na kushuka.

"Ukifika juu, kazi imeisha." Hapana! Ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ni nusu ya safari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza. Watu hudanganywa na pumzi. Ukishuka hutweti, moyo umetulia, basi unadhani mwili mzima unapumzika. Kumbe misuli ya paja inafanya kazi ya breki: kila hatua inajikaza huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi zake kuliko kupanda. Ikichoka, goti linabaki bila mlinzi, na nyuma ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, shinikizo hupita uzito wako mara kadhaa.

Kutoka getini hadi ukingoni ni kama kilomita 3. Baba anaona watoto bado wana nguvu, Ziwa Naivasha linapendeza kule chini, basi waizunguke kreta yote: kilomita 7 na ushei, kupitia kilele cha mita 2,776. Wanaporudi penye njia ya kuteremkia, mapaja yamekwisha, na mbele yao kuna vumbi la volkano, changarawe inayoviringika na mitaro iliyochimbwa na mvua. Hapo ndipo kitinda mimba anapogoma kutembea, anapandishwa mabegani.

Jamani, mabegani hapana. Ukiteleza, mtoto anaanguka kutoka juu ya kichwa chako, na mikono uliyomshikia miguu haiwezi kukukinga wewe wala yeye. Mfunge mgongoni kwa leso, au kaeni apumzike. Bora zaidi, mwenye watoto wadogo aridhike na ukingo, kwa sababu kreta na msitu wake vinaonekana vizuri kutoka hapo hapo.

Kushuka kwenyewe: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, lisinyooke likakaza. Kabla ya kuanza, funga upya kamba za viatu, uzibane kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Kucha nyeusi ninazoonyeshwa Jumatatu zinatokana na hilo.

"Fimbo ni za wazee." Fimbo ni za mwenye magoti. Chukua mbili.

"Maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki, nikandwe itoke." Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Kinachouma ni zile nyuzi zilizochanika, nazo zitapona zenyewe. Tembea taratibu, usilale kutwa. Lakini goti likivimba, likikwama au likikataa kubeba uzito, njoo upimwe.

"Goti likilia, gegedu limekwisha." Mlio usio na maumivu wala uvimbe hauna neno.

"Agosti ni baridi, maji ya nini?" Kule juu hakuna pa kuchota, na jua hupenya mawingu. Kila mtu abebe yake.

Wanaojiandaa kwa Desemba waanze mapema kuzoesha misuli ya paja. Kama mnakaa ghorofani, kupanda pandeni kwa lifti mkitaka. Kushuka, shukeni ngazi kwa miguu, watoto kwa wazazi, polepole, bila kuegemea reli.