Poti 65,535 si kikomo cha seva yako

Nimekutana nalo tena, safari hii kwenye ripoti ya watu wanaolipwa kwa kazi hii hii: eti seva moja haiwezi kubeba miunganisho zaidi ya 65,535 kwa sababu poti, yaani namba zinazotofautisha huduma na miunganisho kwenye mashine, zinaisha. Nimechoka nalo. Watu wananunua mashine wasizozihitaji na kuchezea vigezo vya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) visivyohusika kabisa.

Kerneli haiutambui muunganisho wa TCP (itifaki ya mawasiliano ya mtandao) kwa poti peke yake. Inaangalia vitu vinne kwa pamoja: IP (anwani ya mtandao) ya huku na poti yake, IP ya kule na poti yake. Kimoja kikitofautiana, huo ni muunganisho mwingine. Seva inayosikiliza poti 443 (ya HTTPS) hutumia poti hiyo hiyo moja kwa wateja wote. Piga amri ya `ss -tn`, inayoorodhesha miunganisho, kwenye seva yenye kazi nyingi uone mwenyewe: safu ya upande wako inarudia :443 mstari baada ya mstari, kinachobadilika ni upande wa pili tu. Kitakachokukwamisha mapema ni idadi ya faili ambazo programu inaruhusiwa kufungua (1024 kwa kawaida, na logi itaandika `Too many open files`), kisha memori, na iptables (ukuta wa moto wa Linux) ikiwa kazini, jedwali la conntrack linalofuatilia miunganisho. Pandisha `LimitNOFILE` (kikomo cha faili), kagua `nf_conntrack_max` (kikomo cha jedwali hilo), tuendelee.

Uhaba wa poti upo, ila unampata anayeanzisha muunganisho, si anayepokea. Chukua proksi, yaani seva ya kati, inayopeleka maombi yote kwa seva moja ya nyuma, IP moja, poti moja. Vitu vitatu kati ya vinne vimeshafungwa, kilichobaki ni poti yake ya kutokea. Na hapo hata 65,535 hazifiki: `ip_local_port_range` ya Linux (masafa ya poti za kutokea), usipoigusa, ni 32768 hadi 60999, yaani poti 28,232. Kila muunganisho ambao proksi ndiyo iliyoanza kuufunga unabaki TIME_WAIT, hali ya kusubiri baada ya kufungwa huku poti ikiwa bado imeshikwa, kwa sekunde 60. Gawanya mwenyewe: miunganisho mipya kama 470 kwa sekunde, ukizidisha hapo unapata `Cannot assign requested address`.

Sasa linakuja kosa linaloniudhi kuliko yote. Mtu anaona TIME_WAIT zimejaa, anashusha `tcp_fin_timeout` hadi 15 na kutangaza kwamba amemaliza. Hajagusa kitu! Kigezo hicho kinahusu FIN_WAIT_2, hali ya kusubiri upande wa pili nao ufunge. Urefu wa TIME_WAIT kwenye Linux umeandikwa ndani ya msimbo wa kerneli, `TCP_TIMEWAIT_LEN`, na hakuna sysctl (kigezo cha kerneli unachoweza kukibadilisha) inayoufikia. Vyote viwili huanza na sekunde 60, ndiyo maana watu wanavichanganya. Asipoona nafuu anaongeza `tcp_tw_recycle`, na huko ndiko kwenye madhara. Kigezo hicho kililinganisha mihuri ya wakati ya pakiti zinazoingia kwa kila IP. Watu wengi wakiwa nyuma ya NAT moja, yaani wakitumia IP moja kwa pamoja, kila kifaa na mihuri yake, kerneli ikawa inatupa SYN (maombi ya kuanza muunganisho) za baadhi yao kimyakimya: mmoja anaingia, aliyekaa naye meza moja hapati kitu, na logi ni safi. Kiliondolewa kwenye Linux 4.12, mwaka 2017. Mafaili ya sysctl yenye mstari huo bado yananakiliwa.

`tcp_tw_reuse`, inayoruhusu poti iliyo kwenye TIME_WAIT itumike tena, ni habari nyingine. Inasaidia, lakini kwa miunganisho inayotoka tu. Kwenye seva inayopokea tu haina kazi. Hata hivyo, kabla ya kuigusa, iache proksi itumie tena miunganisho iliyokwisha kufunguliwa kwenda nyuma. Isipotosha, panua masafa ya poti au ongeza IP, ya huku au ya kule, kwa kuwa kila IP ya ziada inakupa fungu jingine zima la poti.

Kuhusu `somaxconn`, kikomo cha foleni ya miunganisho inayosubiri programu iipokee: ilikuwa 128, na tangu Linux 5.4 ni 4096. Kuipandisha peke yake hakusaidii kama programu yenyewe imeomba kidogo kwenye `listen()` (mwito wake wa kuanza kusikiliza), maana kerneli huchukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwenye `ss -ltn`, Send-Q ni ukubwa wa foleni, Recv-Q ni wanaosubiri. Foleni iwe kubwa kiasi gani? Sina kanuni, na sijaona hata moja iliyonishawishi. Ikiwa fupi, inawaacha nje wateja ambao programu ingewahudumia sekunde moja baadaye. Ikiwa ndefu na programu ni nzito, zamu ya mteja inafika akiwa ameshakata tamaa, na seva inahangaika kumjibu mtu aliyekwisha kuondoka. Mimi naanza na 4096 huku nikitazama `nstat -az TcpExtListenOverflows`, inayohesabu mara foleni ilipofurika. Msongamano ukipita na Recv-Q isishuke, naachana na kerneli na kwenda kutafuta programu imekwama wapi, na mara nyingi naikuta inasubiri hifadhidata.