Chapa ya Kamera Ikipata Mmiliki Mpya: Maana Yake kwa Mpigapicha

Kampuni ya kamera ikiuzwa, huwa haiuzwi kama kitu kimoja. Lipo jina lililoandikwa juu ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Wapo wahandisi, kiwanda na michoro yao. Na lipo jukumu la kuwahudumia watu ambao tayari wana kamera hizo: spea, matengenezo, dhamana. Mnunuzi anaweza kuchukua vyote, au akachukua jina tu.

Jina ndilo linalopoteza watu zaidi. Kodak iliomba mahakama iikinge na wadai wake Januari 2012, na tangu 2013 kamera za dijitali zenye jina hilo zimekuwa zikitolewa kwa leseni na kampuni nyingine, JK Imaging. Huenda kamera yenyewe ikakufaa vizuri, lakini usiinunue kwa sababu babu alikuwa na Kodak.

Kwa Olympus mambo yalikwenda kinyume: jina liliondoka, kazi ikabaki. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba inaachana na kamera, na tarehe 1 Januari 2021 idara hiyo ikawa kampuni ya peke yake, OM Digital Solutions, chini ya wawekezaji wa Japan Industrial Partners. Kamera zake sasa zinaitwa OM SYSTEM. Kwa hiyo ukiuza Olympus ya mtumba katikati ya jiji la Nairobi na mteja akakuambia, "Boss, hiyo kampuni si ilifungwa?", ujue anatafuta kupunguziwa bei. Lenzi zake bado zinaingia kwenye bodi mpya, na hata kwenye kamera za Panasonic zinazotumia mfumo huo huo wa Micro Four Thirds.

Hapo kwenye lenzi ndipo penye pesa za mpigapicha. Anayepiga harusi kila Jumamosi hubadilisha bodi ikichoka, ila lenzi hukaa nazo miaka mingi. Weka nukta ya lenzi kwenye nukta ya bodi, zungusha hadi usikie tak: pale chuma kinapokutana na chuma, na vile vijipini vinavyopitisha umeme, ndipo maunti. Mmiliki mpya akiitunza maunti, mtaji wako uko salama. Akiibadilisha, lenzi zako zinaanza kushuka bei hata kama hazina mkwaruzo.

Chapa ya Pentax iliingia mikononi mwa kampuni ya Hoya, kisha kampuni ya Ricoh ikainunua mwaka 2011, na bado maunti ya K iliyoanza 1975 inatumika. Minolta inafundisha zaidi. Konica Minolta, kampuni iliyokuwa na chapa hiyo, ilijitoa kwenye kamera mwaka 2006 na kuikabidhi Sony teknolojia yake. Mwaka huo huo Sony ikatoa kamera ya Alpha 100, iliyopokea lenzi za Minolta za tangu 1985. Wenye lenzi wakapumua. Lakini mwaka 2010 Sony ikaleta maunti nyingine, E, nguvu zote zikahamia huko, na leo mwenye lenzi zile anahitaji adapta, kipande cha kuunganisha maunti mbili tofauti, ili azitumie kwenye bodi mpya. Naona hilo ni muhimu kuliko tangazo lolote la siku ya mauzo: mnunuzi huheshimu vya zamani mwanzoni, halafu hufuata biashara yake. Ahadi ya mwaka wa kwanza ipokee, ila usiipangie miaka kumi.

Vitu vidogo navyo huuma. Kamera ya OM-1 ya OM SYSTEM, ya mwaka 2022, inapokea lenzi zile zile za Olympus, lakini inatumia betri ya BLX-1, si BLH-1 ya kamera za Olympus E-M1 Mark II na Mark III. Ukiwa na bodi zote mbili kazini, unabeba betri za aina mbili na chaja zake.

Kwa hiyo chapa yako ikiuzwa, usikimbilie kuuza vifaa wiki hiyo, maana wengi watakuwa wanauza na bei itakuwa chini. Uliza nani sasa anafanyia matengenezo kamera za zamani, na kama dhamana yako inatambuliwa hapa Kenya au ni mpaka uitume kamera ng'ambo. Na betri halisi za bodi unayoitegemea, zinunue zikiwa bado dukani.