Je, wajua kwa nini lami ilikawia kufika Moyale?

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Nairobi kuelekea kaskazini mwa Kenya aliiacha lami katika mji wa Isiolo. Pale palikuwa na kizuizi cha polisi, na ng'ambo ya kizuizi zilimngoja takriban kilomita 500 za vumbi, changarawe na mawe hadi Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Malori yalisubiriana hadi yakawa kundi, yakapewa askari wenye bunduki, kisha yakaondoka kwa msafara. Safari ilichukua siku mbili au tatu, na mvua ikinyesha hakuna dereva aliyethubutu kutaja siku ya kufika. Barabara hiyo ni sehemu ya A2, inayopitia Thika na Nanyuki, na ndiyo inayobeba jina kubwa la njia kuu ya Afrika kutoka Cairo hadi Cape Town. Ilikuwaje barabara yenye jina kubwa namna hiyo ikakaa bila lami kwa zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru?

Jibu la haraka ni kwamba nchi ile ni jangwa, ni mbali, na ina majambazi. Yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, na ili kuona kwa nini hayatoshi ni vyema kuifuata njia yenyewe kwanza.

Kutoka Isiolo barabara inateremka hadi Archer's Post, inauvuka mto Ewaso Ng'iro, inapita Sereolipi katika nchi ya Wasamburu, kisha inafika mto Merille, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Baada ya hapo huja Laisamis na Logologo katika nchi ya Warendile. Halafu barabara inafanya jambo la kushangaza: badala ya kuendelea kwenye tambarare, inapanda Mlima Marsabit. Mlima huo ni volkano ya kale inayosimama peke yake katikati ya nchi kavu, na ukungu unaoufunika usiku huulisha msitu ulio kileleni. Penye msitu pana maji, na penye maji ndipo watu na mifugo walipokuwa wakielekea kabla ya gari la kwanza kufika. Katika visima vya Ulanula wachungaji husimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo refu, wakirushiana ndoo kutoka mkono hadi mkono huku wakiimba ili mikono yote iende kwa pamoja. Mhandisi aliyeipitisha barabara Marsabit aliwafuata wachungaji hao, hata kama hakujua.

Kutoka Marsabit barabara inateremka tena, inapita Bubisa, na kuingia Dida Galgalu, uwanda uliofunikwa mawe meusi ya volkano, ambako mtu anaweza kusafiri kwa saa nzima asione mti. Turbi iko mbele yake, kisha njia panda ya Sololo, na mwishowe Moyale, mji wa Waborana na majirani zao wengi, uliogawanywa na mpaka kiasi kwamba kuna Moyale ya Kenya na Moyale ya Ethiopia.

Ni kweli kwamba ardhi hii iliwatesa watu. Mawe ya Dida Galgalu yalikata matairi, na udongo wa tambarare nyingine uligeuka matope yaliyoyashika malori hadi ekseli. Lakini adha iliyokumbukwa kuliko zote ilikuwa ile mikunjo ya barabarani, matuta madogo yaliyopangana kama bati la nyumba. Hutokea hivi: udongo laini unaoshikanisha changarawe hukauka na kupeperushwa kama vumbi, changarawe ikabaki bila kifungo. Gurudumu likipiga kijiwe hurushwa juu kidogo, likitua huchimba kishimo na kusukuma changarawe mbele, na kilima hicho kidogo hulirusha tena. Kila gari linalofuata huongeza kina, hadi mikunjo ikaenea kwa kilomita nyingi. Greda hulainisha kwa muda mfupi tu, kisha mikunjo hurudi. Madereva wazoefu waliongeza mwendo ili magurudumu yaruke juu ya vilele bila kuzama katikati, jambo lililopunguza mtikisiko lakini likalifanya gari kuwa gumu kuliongoza.

Hata hivyo mawe na mikunjo haviwezi kuzuia lami ikiwa kuna nia ya kuiweka. Chanzo halisi ni cha kisiasa, na ni cha zamani. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoruhusu eneo kufungwa ili mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine iliyowapa maofisa mamlaka makubwa zaidi juu ya wafugaji na mienendo yao. Kwa watawala hao, kaskazini ilikuwa ukuta wa kuilinda nchi ya walowezi dhidi ya Ethiopia na Somalia, na Isiolo ilikuwa mlango wa ukuta huo. Barabara ziliangaliwa kwa macho ya jeshi: Julai 1940 Waitalia waliiteka Moyale, na majeshi ya Uingereza na washirika wake yakairudisha Februari 1941.

Uhuru haukuuvunja ukuta huo. Vita vya shifta (jina walilopewa wapiganaji waliotaka kujitenga) vya 1963 hadi 1967, vilivyozuka baada ya wengi wa kaskazini kutaka kuungana na Somalia, viliyafanya maeneo haya yatawaliwe kwa sheria za hali ya hatari, na kizuizi cha Isiolo kikabaki mahali pake. Kisha mwaka 1965 serikali ilitoa waraka maarufu namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliosema kwamba fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozalisha zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, umeme na njia za usafiri. Sharti hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote. Eneo lilinyimwa fedha kwa kukosa barabara, na likakosa barabara kwa kunyimwa fedha. Ndiyo maana, hata miaka mingi baadaye, mkaazi wa Marsabit aliyepanda lori kwenda Nairobi alisema kwamba anakwenda Kenya.

Lami ilianza kuvuka Isiolo wakati wa Rais Mwai Kibaki. Kipande cha kwanza kilikuwa Isiolo hadi mto Merille, kilomita 136. Vilivyofuata vilitoka Merille hadi Marsabit, Marsabit hadi Turbi, na Turbi hadi Moyale. Benki ya Maendeleo ya Afrika iligharimia sehemu kubwa, na Umoja wa Ulaya ukachangia. Kufikia 2017 lami ilikuwa imeunganika yote. Hesabu ya zamani ilikuwa imebadilika: Ethiopia ilihitaji njia ya bahari, na Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua huko Lamu mradi wa bandari na barabara unaopitia Isiolo na Moyale. Desemba 2020 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya, na Abiy Ahmed, Waziri Mkuu wa Ethiopia, walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Moyale.

Wakati wa vumbi, ng'ombe walijazwa ndani ya lori, na abiria wakakaa juu yao, wakishikilia vyuma vya paa mchana kutwa juani na usiku kwenye baridi. Ng'ombe aliyesimama hivyo siku mbili au tatu alipungua uzito, na kila kilo iliyopotea njiani ilikatwa kwenye bei ya mfugaji. Siku hizi mnyama akipakiwa Moyale asubuhi anaweza kufika soko la Nairobi kesho yake, na abiria hukaa kwenye kiti cha basi.