Maneno ya Saussure Uliyoyakuta kwa Mwingine

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu mimi hukutana na hoja ileile: kwa kuwa maneno yaliyonukuliwa ni ya Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, atajwe Saussure peke yake, na mwandishi wa kitabu cha isimu ambamo mwanafunzi aliyakuta aachwe. Hoja hii ni potofu, na inanikera zaidi inapotoka kwa wasimamizi wanaofundisha kwamba "kama alivyonukuliwa na" huishushia kazi hadhi.

Msomaji anapoona andiko katika marejeleo yako, anaamini umelisoma, na kwamba akifungua ukurasa uliotaja atayakuta maneno hayo. Sasa tazama ingizo ninaloletewa mara kwa mara: Saussure, mwaka 1916, New York, McGraw-Hill. Toleo la 1916 la kitabu chake ni la Kifaransa na lilichapishwa na Payot, Lausanne na Paris. McGraw-Hill walichapisha tafsiri ya Kiingereza ya Wade Baskin, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Kitabu kilichoorodheshwa hakipo duniani, na mtahini makini hulibaini jambo hilo kabla hajaifikia sura ya kwanza.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Katika APA, mmoja wa mitindo ya kurejelea vyanzo, unamtaja mwenye maneno ndani ya matini, pamoja na mwaka wa andiko lake ukijulikana, kisha chanzo ulichokisoma, na katika marejeleo kinaingia hicho ulichokisoma tu. Mtindo wa Chicago hukutaka kwanza utafute andiko asilia. Likikosekana, tanbihi ionyeshe vyote viwili.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni nukuu iliyofasiriwa. Mwandishi wa Kiswahili huyachukua maneno ya Baskin, huyatafsiri, huruka kishazi kimoja na kuweka nukta tatu mahali pake, kisha mwanafunzi huyanakili yote ndani ya alama za kunukuu na kuandika "Saussure (1916)". Maneno hayo ya Kiswahili Saussure hakuyaandika kamwe. Uteuzi wa istilahi, mahali pa kukatia na hata mkazo wa sentensi ni kazi ya mwandishi yule wa Kiswahili, na huenda kishazi kilichorukwa ndicho kilichokuwa na sharti linaloibadilisha hoja nzima. Usipomtaja, unamnyima haki yake, na papo hapo unambebesha Saussure makosa ya mtu mwingine. Vivyo hivyo, mwandishi anapoifafanua dhana ya Saussure kwa maneno yake mwenyewe bila kunukuu, ufafanuzi huo ni wake, na yeye ndiye wa kutajwa.

Nakiri kwamba mpaka kati ya chanzo asilia na chanzo cha pili hauko wazi kama miongozo inavyoudhania. Saussure alifariki mwaka 1913, na kitabu cha 1916 kilitungwa na Charles Bally na Albert Sechehaye kutokana na madaftari ya wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake Geneva. Kwetu, suala hili ni zito zaidi kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mashairi yake yalikusanywa na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki. Hichens akayachapisha mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akayatoa tena pamoja na uchambuzi mwaka 1979. Je, anayenukuu ubeti kutoka kwa Abdulaziz ananukuu chanzo cha pili? Sina jibu linaloniridhisha kikamilifu. Kwa sasa nawataka wanafunzi wangu waandike "Muyaka, katika Abdulaziz (1979)", na pale ubeti unapotofautiana na ulivyo kwa Hichens, waieleze tofauti hiyo katika tanbihi. Baadhi ya wenzangu huona kwamba jina la Muyaka na ukurasa vinatosha. Nami siafikiani nao, kwa kuwa bila jina la mhariri ukurasa huo hautafutiki.